Gari inajivuta kwenye kona, inalia tak tak, tairi moja linazunguka bure: tafuta ugonjwa kabla hujashusha gia boksi

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Nilikuwa na Forester ya auto, tairi za mbele zikaisha nikanunua mbili mpya nikafunga, za nyuma nikaziacha maana nilijiambia bado zina uso, na hela yenyewe ilikuwa ya kubangaiza. Wiki kadhaa baadae nikaanza kuona nikikata kona ya kupaki gari inajivuta, yaani kama kuna mtu kavuta hendibreki nusu, afu inaruka kidogo ndo inaachia. Nikapeleka gereji, fundi akazunguka nayo mara mbili, akashuka, akafuta mikono, akasema gia boksi imeondoka mkuu, tafuta ya mtumba kutoka Japan. Alipotaja bei nilikaa kimya. Bahati kuna mzee alikuwa pembeni anasubiri gari yake, akaniuliza swali moja tu, tairi umebadilisha lini? Tukapima mzingo wa tairi kwa futi kamba ya cherehani, ya mbele na ya nyuma zilipishana karibu sentimita mbili na nusu. Nikafunga nne zinazofanana, ugonjwa ukaisha, na gia boksi ile ile "iliyoondoka" niliiuza pamoja na gari miaka miwili mbele, inatembea.

Kwa hiyo hapa chini ni dalili moja moja na kinachoisababisha, ila kwanza tuelewane nguvu inapita wapi, maana usipojua njia utakuwa unabadilisha spea kwa kubahatisha.

Injini inazungusha klachi (au tok konvata kama ni auto), inaingia gia boksi, kama ni 4WD (tairi zote nne zinavuta) inapita kwenye transfa inayogawa mbele na nyuma, halafu propela shafti (ule mhimili mrefu chini ya gari), halafu difu, kutoka difu hafu shafti au draivu shafti mpaka kwenye tairi. Vitz, IST, Passo na ndugu zao wa kuvuta mbele hawana propela, difu yao imejificha humo humo ndani ya gia boksi, ndo maana kuna watu wanabisha kabisa kwamba gari yao haina difu. Ipo.

Difu ina kazi mbili. Ya kwanza inapunguza mzunguko ili nguvu iongezeke, mfano krauni (gia kubwa ya ndani ya difu) ya meno 41 na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) ya meno 10 maana yake propela inazunguka mara 4.1 ndo tairi lizunguke mara moja. Ya pili ndo tamu: inaruhusu tairi mbili za ekseli moja zizunguke kwa spidi tofauti. Chukua gari ambayo tairi zake zimeachana mita 1.5, piga yutani kamili, tairi la nje linatembea mita 4.7 zaidi ya la ndani, haijalishi yutani yako ni pana au nyembamba. Tairi la mzingo wa mita 2 hapo limezidi mizunguko miwili na zaidi. Bila difu hiyo tofauti ingebidi tairi iimalize kwa kuburuzika kwenye lami, au shafti ikatike.

Shida ni kwamba difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kushoto na kulia, sawa kwa sawa, na upande mmoja hauwezi kupewa zaidi ya unachoweza kushika mwenzake. Shika hiyo sentensi, nusu ya malalamiko yanatoka hapo.

Tairi moja linazunguka kwenye tope, lingine limetulia kama halihusiki

Hii mara nyingi sio ugonjwa. Tairi la kushoto liko kwenye utelezi, linahitaji nguvu kidogo tu kuzunguka, basi na la kulia lililo kwenye udongo mkavu linapata kidogo hiko hiko na hakitoshi kusukuma gari. Ukizidi kukanyaga mafuta unachimba shimo tu. Na usishangae 4WD yako kukwama vilevile: kama difu zote mbili ni za kawaida, tairi moja mbele na moja nyuma zikiteleza umekwama, 4WD hapo unayo kwenye nyaraka tu. Ndo maana Land Cruiser za kazi ngumu zina swichi ya kufunga difu, ukiibonyeza shafti mbili zinakuwa kama chuma kimoja, na tairi lenye kushika ndo linafanya kazi. Na ukishatoka kwenye tope unaizima hapo hapo, usiende nayo kwenye lami.

Kama huna loki na gari inavuta nyuma, jaribu kuvuta hendibreki kidogo huku unakanyaga mafuta taratibu. Breki inaliongezea mzigo tairi linaloteleza, na lile lingine nalo linapata zaidi. Gari za siku hizi zinafanya hivyo hivyo zenyewe, kompyuta inabana breki ya tairi linalozunguka bure, ule mlio wa grr grr chini ndo wenyewe unafanya kazi, usipeleke gereji.

Sasa lini ni ugonjwa? Kama gari yako ina LSD (difu yenye plate zinazozuia tairi moja lisizunguke bure peke yake) na zamani ilikuwa inatoka na sasa haitoki. Piga jeki nyuma tairi zote mbili ziwe juu, weka stendi (sio matofali, nakuomba), zuia za mbele, weka gia au P, zungusha tairi moja kwa mkono. Lingine likizunguka kinyume kiulaini kabisa, hiyo difu ni ya kawaida, au LSD yako plate zimekwisha. LSD nzima inakupa upinzani. Ila kuna watu waliweka oili ya difu ya kawaida bila dawa yake ya LSD, afu gari ikawa inanguruma na kutetemeka kwenye kona, wakadhani difu imekufa. Mwaga, weka oili iliyoandikwa inafaa LSD, piga duara taratibu kushoto na kulia mara kadhaa, uone kwanza.

Gari inajivuta au inaruka ukikata kona kali kwenye lami

Ndo ugonjwa wangu ule. Kwenye kona sio kushoto na kulia tu vinapishana, hata ekseli ya mbele inatembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwa hiyo gari ya 4WD inahitaji kitu cha katikati cha kumeza hiyo tofauti, kikishindwa kuimeza shafti zinajikunja kama kitambaa kinachokamuliwa mpaka tairi iruke iachie.

Swali la kwanza, una 4WD ya aina gani? Land Cruiser 70 (hadtopu na pickup), Hilux nyingi, Escudo za zamani, hizi za kuingiza H4 kwa mkono (H4 ni tairi zote nne, H2 ni za nyuma tu) hazina difu ya katikati. Ukiwa H4 mbele na nyuma zimefungwa pamoja. Ukitembea hivyo kwenye lami kavu itajivuta, lazima, na hiyo ni matumizi mabaya wala sio spea. Rudisha H2. Na kama lever imegoma kutoka H4 usiipige teke, shafti zimejikaza tu, nyoosha usukani rudi rivasi mita chache, au pitisha tairi kwenye mchanga pembeni ya barabara, itatoka yenyewe.

Prado zina difu ya katikati, zinatembea 4WD muda wote bila shida. Ikijivuta kwenye lami angalia kwanza lever, mtu kaweka HL akasahau, maana hapo difu ya katikati imefungwa. Dereva wa kuazima huyo.

RAV4 nyingi za mpaka kama 2005 zina difu ya katikati na viskasi kaplingi, kidude chenye mafuta mazito ya silikoni kinachokaza pale mbele na nyuma zikipishana spidi. Kikizeeka kinakaza muda wote. Noah na Probox za 4WD nazo zina viskasi, ila zenyewe hazina difu ya katikati, hiyo viskasi ndo inapeleka nguvu nyuma. Forester manyuali ina difu ya katikati yenye viskasi, auto nyingi za zamani zina plate za klachi zinazobanwa na oili ya gia boksi. Kwa hizo auto za zamani kuna kipimo cha bure: kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti kuna sehemu tupu imeandikwa FWD, zima gari, chomeka fyuzi, washa, taa ya FWD itawaka kwenye dashibodi na nyuma inatakiwa iachiwe. Zungusha kona kali. Ikiacha kujivuta, plate zinaweza kuachia, tatizo lipo kwenye tairi au kwenye amri za umeme. Ikiendelea kujivuta, plate zenyewe au solenoidi yake (vali ya umeme) imekwama. Kipimo hicho tu kingeniokoa mimi mapema.

Na tairi sasa. Subaru wanataka mzingo wa tairi zote usipishane zaidi ya robo inchi, kama milimita 6.4. Ukigawa hiyo unapata kina cha uso wa tairi kupishana milimita 1 tu. MOJA. Mfano tairi mpya mbele zina uso wa milimita 8, za nyuma zimebaki 3. Mzingo unapishana milimita 31 hivi, kwa tairi la mita 2.08 ni karibu mizunguko 7 kila kilomita, Dar mpaka Morogoro umezidisha mizunguko zaidi ya elfu moja na mia tatu na yote inasagwa humo katikati, barabara imenyooka wala hujakata kona. Kwa hiyo wauza tairi wanaokwambia "weka mbili tu zingine utaweka mwisho wa mwezi", kwa Vitz sawa, kwa AWD (4WD ya muda wote kama Forester) muombe akae kimya. Upepo nao usipishane hovyo, na tairi la spea lililo dogo usitembelee safari.

Kitu kingine hapo hapo, brekdauni. AWD haivutwi tairi mbili juu na mbili chini, inapandishwa yote kwenye flatibedi. Nimeona Forester imevutwa hivyo kutoka Kibaha, ilifika mjini na tatizo ambalo haikuondoka nalo.

Tak tak tak tak ukikata kona huku unakanyaga mafuta

Sivi jointi ya nje (kiungo cha draivu shafti kinachojikunja karibu na tairi), wala usihangaike. Tafuta uwanja, kata usukani mpaka mwisho, zunguka taratibu ukiongeza mafuta, kushoto halafu kulia. Chungulia nyuma ya tairi, utakuta buti la mpira limepasuka na grisi nyeusi imerushwa ndani ya ringi. Ile jointi ya gololi sita alibuni Alfred Rzeppa, injinia wa Ford, miaka ya 1920, na haijapata mbadala wa maana mpaka leo, ikikaa na grisi yake safi inaweza kuzeeka na gari. Mchanga ukiingia ni miezi.

Buti likipasuka na mlio hamna bado, una bahati: fungua, osha jointi, weka grisi nyeusi ya moli, funga buti jipya na klipu zake. Sio kufunga na mpira wa tyubu. Mpira wa tyubu unaachia ukipata joto na utarudi pale pale. Ikishaanza tak tak, hapo ni kubadilisha, na mtumba mzuri mara nyingi unazidi mpya ya bei chee.

Jointi ya ndani haipigi tak tak, yenyewe inatetemesha gari ukikanyaga mafuta kupanda kilima, ukiachia inatulia. Watu wanabalansi tairi mara tatu hapo bure.

Du! ukitoka N kwenda D, au ukiachia klachi

Mahali fulani kuna uwazi. Zuia tairi, weka nyutro, ingia chini ushike propela uizungushe huku na huku kwa mkono huku unaangalia krosi jointi (kile kiungo cha msalaba kwenye ncha za propela). Ikicheza kwenye krosi, umeipata. Krosi inayokufa huwa inaanza na kulia chwi chwi chwi kama ndege gari ikienda taratibu, ni sindano zake zimekauka grisi, ukiiwahi na pampu ya grisi unaweza kuiokoa kama ina nipo (kichuchu cha kupigia grisi). Ikisikika du pale gari inapokaribia kusimama, hasa za springi za majani, ni ile sehemu ya propela inayoteleza, ipige grisi.

Krosi ikiwa nzima, angalia injini maunting, vile vikalio vya mpira vinavyoshika injini (mwenzako akanyage breki atie D na R, wewe angalia injini inavyonyanyuka), halafu ndo ufikirie krauni na pinioni. Fundi akianza na krauni, muulize amezungusha propela?

Na kabla hajaifungua propela achore alama kwa chaki au patasi, sehemu zote zinapokutana. Ikirudishwa vibaya, masikio ya krosi ya mbele na ya nyuma yasipolingana, gari itatetemeka kuanzia spidi fulani na hutojua imetoka wapi. Mtetemo unaofuata spidi ya gari na sio mzunguko wa injini, ukiondoa tairi na ringi iliyopinda, mara nyingi ni propela au ile senta beringi yenye mpira katikati.

Inalia uuuuu, inanguruma

Hapa ndo pa kutumia masikio. Kuna njia nzuri kama unaijua Kitonga, ule mlima wa Iringa. Ukipanda umekanyaga mafuta inalia, ukishuka umeachia inanyamaza: meno ya krauni na pinioni upande wa kusukuma, au beringi ya pinioni. Ukishuka ndo inalia na ukipanda kimya: beringi ya pinioni imelegea au nati yake imeachia. Inalia vilevile kote, na sauti inaongezeka ukiegemeza gari upande mmoja: beringi ya tairi. Ukipinda kushoto mzigo unaenda kulia, kwa hiyo ikizidi hapo shuku tairi la kulia. Inalia kwenye kona kali tu, ukinyoosha kimya: gia ndogo za ndani ya difu. Na kama inabadilika ukitoka lami ya zamani kuingia mpya, hilo ni tairi lenye uso mbaya, nenda nyumbani kalale.

Kutofautisha na gia boksi, barabara tupu tambarare, spidi kama 60, weka nyutro sekunde chache. Mlio ukibaki vilevile uko kwenye difu au tairi.

Umeingiza 4WD lakini mbele haivuti

Kwenye 70 na Hilux za zamani, shuka uangalie habu za mbele (vile vifuniko vya katikati ya tairi vinavyounganisha tairi na shafti), zimeandikwa FREE na LOCK. Taa ya dashibodi inajua transfa imeingia, haijui kama habu umezigeuza, na watu wanachimba shimo porini nusu saa taa inawaka vizuri tu. Za kubonyeza kitufe, angalia soketi na waya wa mota kwenye transfa, na mipira ya vakyumu kama zinatumia vakyumu, panya wanaipenda.

RAV4 za kuanzia 2005 LOCK inajizima yenyewe ukifika kama 40 kwa saa, imetengenezwa hivyo. X-Trail hivyo hivyo LOCK yake ni ya spidi ndogo. Taa ya 4WD ikianza kuchezacheza kwenye mchanga mrefu, kaplingi imepata moto, simama ipoe. Zikiwaka kwa pamoja 4WD, ABS na ya kuteleza, anza na sensa ya tairi, hizo zote zinasoma pale.

Injini inapiga resi, gari haiendi

Gia manyuali, RPM inapanda na spidi inabaki: klachi. Auto: pima oili kwanza, rangi na harufu ya kuungua. Lakini kuna moja inawachanganya wengi, gari imekata ghafla, gia zote zinaingia, kwenye za zamani hata mshale wa spidi unapanda, na gari imesimama. Draivu shafti moja imekatika au imechomoka. Moja tu inatosha, kumbuka ile sentensi, upande uliokatika haushiki chochote basi na mzima haupati chochote. Hapo mtu ananunua gia boksi kwa shafti ya upande mmoja.

Ukiwa na 4x4 na kilichokatika ni nyuma, tia H4 na habu LOCK, utatembea taratibu kwa ekseli iliyobaki. Ila angalizo: Land Cruiser 70 nyingi shafti ya nyuma haibebi tairi, unaweza hata kuichomoa ukaendelea. Hilux inabeba, ikikatika tairi linaweza kutoka na kipande chake ukiwa njiani. Hiyo usitembee.

Oili

Fungua nati ya kujazia KWANZA kabla ya ya kumwagia. Ya kujazia ikigoma na umeshamwaga, gari haitoki hapo. Oili ikiwa kama chai ya maziwa maji yameingia, na mara nyingi chanzo ni kile kikofia cha kupumulia juu ya difu kimeziba matope: difu ya moto inaingia kwenye mto wa baridi, hewa ya ndani inasinyaa, inavuta maji kupitia oili sili. Kikiziba hicho hicho siku ya jua, presha inasukuma oili nje, unabadilisha sili kila mwezi. Kitoe, puliza, ukiweza kirefushie mpira mpaka juu. Difu nyingi za nyuma zinataka oili iliyoandikwa GL-5, uzito 80W-90 au 85W-90 kutegemea gari, mpaka ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia. GL-5 hiyo hiyo usiimimine kwenye gia boksi ya manyuali iliyoandikiwa GL-4, inaweza kula ringi za shaba za gia. Vumbi laini la chuma kwenye sumaku ni kawaida, liko kama uji mweusi. Ukikuta kipande chenye umbo la jino, hapo sasa muite yule fundi wa kushusha.